Aliyesimama Mahali pa Ottilie

Gauni lilirudi kutoka kwenye taa likiwa baridi. Hilo ndilo lililomfanya Mama Pohlke alinuse, na mtu mwenye akili zake hanusi gauni la kazi kwa kupenda. Miaka kumi na minane alikuwa akiwavisha na kuwavua waigizaji katika studio ile ya Weissensee, pale Berlin, na aliwajua kwa makwapa yao kuliko kwa majina. Taa zile zilikuwa zinakaanga mtu. Aliyesimama mbele yake dakika kumi alirudisha nguo imelowa chapachapa, awe anaigiza malkia au mfagiaji. Gauni hili la hariri ya kijani lilikuwa limekaa mbele ya taa saa mbili nzima, likarudi kavu, baridi kama sakafu ya kanisa, na kwapani halikuwa na harufu ya binadamu. Lilinuka mshumaa uliotoka kuzimwa.

Aliyelivaa ni yule wa kusimama. Mafundi wanapopanga taa, nyota haachwi pale aungue bure. Msichana wa kimo chake huvaa nguo zake na kusimama mahali pake mpaka kila taa ikae sawa. Ndipo nyota anaitwa. Nyota mwenyewe alikuwa Ottilie Rahnfeld, miaka arobaini na mmoja, ingawa kwenye magazeti alikuwa na thelathini na miwili mwaka wa nne sasa. Alikwishacheza filamu kumi na tisa. Hii ya ishirini ndiyo ingeamua: ikipendwa, anabaki mbele; isipopendwa, anaenda kucheza mashangazi na mama wakwe. Studio nzima ililijua hilo, na wapo waliolisubiri kwa hamu.

Mama Pohlke akaanza kuulizauliza. Yule msichana wa zamani, binti wa mwoka mikate, aliolewa na kuacha kazi kabla filamu haijaanza. Huyu wa sasa kaletwa na nani? Mpiga picha alidhani kaletwa na ofisi. Ofisini walidhani kaletwa na mpiga picha. Bawabu, ambaye huandika kila anayepita langoni, hakuwa na jina lake. Kantini hakuna aliyewahi kumwona akila hata kipande cha soseji. Basi uso wake ukoje? Hakuna aliyejua. Watu wa taa hawaangalii uso. Mpiga picha humtazama mtu kupitia kioo cha buluu, anatafuta kivuli cha pua kimeangukia wapi. Wiki tatu walikuwa wakimsogeza kulia na kushoto, na hakuna aliyemtazama. Mama Pohlke alipokwenda mwenyewe, taa zilimpiga machoni. Aliona mgongo tu, umetulia kama mlingoti, wala mabega hayakupanda kwa pumzi.

Mchana walikaa katika chumba cha giza kutazama picha zilizopigwa jana. Bwana Zeisig, mwongozaji, alikuwa anachekelea. Kwenye pazia Ottilie alikuwa na miaka ishirini na mitano. Shingo imenyooka, macho meupe kama maziwa. Mama Pohlke ndiye aliyekuwa amemkanda macho hayo kwa maji baridi jana ileile, yamevimba na mekundu, yanachuruzika kwa ukali wa taa. Lakini mwanamke wa kwenye pazia alilia, akacheka, akampiga mwanamume kofi, na tangu mwanzo mpaka mwisho hakupepesa jicho.

Walipobaki wawili chumba cha kuvalia, Mama Pohlke akafunga mlango kwa ufunguo.

"Yule si wewe, bibie," akasema kwa sauti ya chini.

Ottilie aliendelea kujipaka poda. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Tafadhali usiniharibie."

Mama Pohlke akamwuliza kama alifanya mapatano na kitu hicho, na Ottilie akaapa kwamba hajasema neno na mtu. Kimekuja chenyewe, kinamsaidia, kwa nini akifukuze? Wangapi wa umri wake wanapata msaada? Mama Pohlke alimwambia kwamba kinachosaidia bila kuombwa kina hesabu yake, na kwamba Ottilie kazeeka bila kupata akili. Hawakusemeshana siku mbili.

Siku ya tatu Ottilie aliitwa mbele ya taa. Akaingia, gauni la kijani limemkaa, poda imekamilika, akasimama kwenye alama ya chaki. Mpiga picha akainua kioo cha buluu, akakunja uso, akasema kwa adabu kabisa:

"Mama, samahani, hebu toka hapo. Hapo ni mahali pa Bibi Rahnfeld."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani. Mpiga picha hakucheka. Ottilie alirudi chumba cha kuvalia mikono baridi, na chini ya taa zinazoweza kukaanga yai hakuwa ametoka hata tone la jasho.

"Mama Pohlke," akasema, "nimekuwa nini?"

Jumapili wakapanda treni kwenda Spreewald, misitu ya mito kusini mwa Berlin, kwa Bibi Noack, mwanamke wa Kisorbi, kabila la Waslavi wa huko, anayewanong'onezea watu vipele vya mkanda wa jeshi mpaka vinakauka. Alikuwa anakata matango. Alisikiliza bila kuacha kisu. Akasema hilo ni jini la mahali patupu: ukiacha nafasi yako wazi, linakaa, na likikaa sana nafasi inakuwa yake. Dawa yake si uvumba wala chumvi. Asimame mwenyewe, siku moja kamili, tangu taa ya kwanza iwashwe mpaka ya mwisho izimwe, asitoke hata kunywa maji. Litamsemesha. Asijibu. Halafu akamtazama Ottilie usoni kwa muda mrefu. "Lakini ukilitoa," akasema, "utabaki na uso huo ulio nao. Fikiri vizuri, mwanangu."

Ottilie alifikiri njia nzima. Jumatatu asubuhi alifika kabla ya mafundi.

Alisimama. Saa ya kwanza Bwana Zeisig aliona ni madaha ya nyota. Saa ya tatu akaanza kukasirika. Na ilipofika saa ya sita, Mama Pohlke akiwa nyuma ya mbao za ukuta wa bandia na taulo mkononi, harufu ya mshumaa ilianza kusogea kutoka upande usio na mtu, ikapita kwenye nyaya, ikapita miguuni kwa mafundi ambao hawakugeuka, ikasimama nyuma ya sikio la Ottilie, na kwenye sakafu palepale penye kivuli kimoja pakawa na viwili, na sauti ya kike, tamu, ya mtu anayekuhurumia kwelikweli, ikasema taratibu, "Nenda kakae, dada, miguu yako imevimba, nitakushikia nafasi," na Ottilie machozi yakimtiririka, macho yakimwasha, akauma mdomo mpaka damu ikashuka kidevuni, na sauti ikarudia, na ikarudia, saa baada ya saa, kwa upole uleule, mpaka mpiga picha alipozima taa ya mwisho.

Kilichobaki ni kivuli kimoja. Ottilie alianguka mikononi mwa Mama Pohlke akiwa ameloa jasho, ananuka kama punda, na kikongwe akamshukuru Mungu kwa uvundo huo.

Kesho yake wakatazama picha zilizopigwa siku ile. Kwenye pazia alikuwepo mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, vifuko chini ya macho, anapepesa kama kuku aliyefungiwa na moshi. Baada ya siku tano Bwana Zeisig alimwita Ottilie, akamkaribisha kahawa na keki, akamweleza kwamba filamu itaanza upya, na kwamba ipo nafasi nzuri ya mama wa msichana. Ottilie aliikubali. Anailaza miguu yake kitandani usiku, analala, na taa zinamchoma kama zinavyomchoma kila mtu.

Wiki iliyofuata Mama Pohlke aliitwa kumpima nguo msichana mpya wa nafasi ya mbele. Kajitokeza mwenyewe langoni, alisema Bwana Zeisig kwa furaha. Safari hii bawabu kaandika jina lake, na mkataba umekwishasainiwa. Ajabu ni kwamba anafanana na Ottilie wa zamani, ila ni bora zaidi.

Msichana alisimama katikati ya chumba. Mama Pohlke aliujua uso ule; aliutazama kwenye pazia. Akapima kifua, akapima kiuno, kisha akachomeka pini begani makusudi. Iliingia yote, kikabaki kichwa chake tu. Msichana hakugeuka.

"Nimesimama vya kutosha, Mama Pohlke," akasema kwa ile sauti tamu. "Niletee kiti."

Akamletea.