Mtu wa Picha ya Sita

Haya hayakumpata rafiki wa jirani wa shemeji, kama yanavyosimuliwa mara nyingi mambo ya namna hii. Yalimpata mama yangu mzazi, Letisia, nyumbani kwetu Butihinda, na aliyemletea ni mimi. Nina shahada ya chuo kikuu. Naitaja kwa sababu haikunisaidia.

Mwaka 2012 nilikuwa na kazi ambayo kila niliyemweleza aliidhani mzaha: kupiga picha magari ya zimamoto. Ofisi moja ya Bujumbura ilitaka daftari la kila gari na kila kituo, mimi nikapewa Muyinga na Gitega. Utaratibu ulikuwa picha tisa kwa kila gari, zisizidi, zisipungue. Picha ya sita ilikuwa ya chumba cha ndani, milango ikiwa wazi, na ilikuwa na sharti lake: asionekane mtu. Walitaka kuhesabu viti.

Muyinga niliimaliza kwa asubuhi moja. Gitega nilifika Jumanne, saa tatu, jua la kiangazi, wanaume wawili wakifua sare zao kwenye beseni huku wakibishana juu ya mpira wa juzi. Gari lilisimama kivulini. Lilikuwa jekundu zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya nyanya iliyolala. Dereva wake, mzee Zuberi, mtu wa mtaa wa Waswahili, alikuwa akifuta kioo kwa kipande cha kanga.

"Piga tu, dada," alisema. "Lakini huko ndani hakuna kitu ya kuona. Ni viti tu."

Nilifungua milango, nikapiga. Nikaangalia kwenye kamera. Katikati ya benchi la nyuma alikaa mwanamume mwenye koti la kijivu, mikono juu ya magoti, akitazama mbele kama abiria anayengoja gari lijae.

"Mzee, mshushe mtu wako."

"Nani?"

Niliinua macho. Benchi lilikuwa tupu.

Nilipiga tena. Alikuwepo. Nilipiga mara ya tatu, kwa hasira, maana sipendi kuchezewa. Alikuwepo, ila safari hii amesogea kidogo pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake akae.

Zuberi alikunja kile kipande cha kanga polepole. "Bon," alisema kwa sauti ya chini. "Nawe umemuona."

Niligusa benchi. Lilikuwa limelowa.

"Wakati ya vita magari ilikosekana mji muzima," alisema. "Wakatuita tubebe maiti na hii kamyo. Tulikuwa tunawapanga huko juu, kwenye mipira ya maji. Sasa mumoja alikuwa anapumua bado. Mi nikamukalisha hapo ndani. Nikamuambia, tulia, nakupeleka kwenu. Namuuliza kwenu ni wapi, hajibu. Nilizunguka naye siku nzima, dada. Kilima hadi kilima. Mpaka nikajua nabeba maiti. Tulimuzika na wengine. Lakini mi nilikuwa nimesema nitamufikisha."

"Na sasa anataka nini?"

"Anangoja mutu aseme, huyu ni wetu." Alinitazama. "We usiseme kama si wenu. Huyu hachagui."

Nikamweleza kwamba hili ni tatizo la mwanga kwenye lenzi.

"Ndiyo," alisema, kwa adabu ya mtu anayemwachia msomi ushindi wake. "Iko mwanga."

Lazima sasa niwaeleze kuhusu baba. Aliitwa Kastori. Tulipokimbilia Tanzania mwaka 1993 nilikuwa na miaka sita. Alitusindikiza hadi karibu na mpaka, akasema anarudi kuchukua mbuzi, na hiyo ndiyo habari yake yote. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba. Mimi ninachokumbuka ni magoti, kwa sababu huko ndiko macho yangu yalikofika.

Kambini Lukole, huko Tanzania, mama alilala sakafuni kwenye mkeka, uso kuelekea mlangoni. Tukadhani ni kambi. Tuliporudi Butihinda, tukajenga, nikamnunulia kitanda. Akakiwekea nguo. Yeye akatandika mkeka wake, uso mlangoni. Harusini hali, msibani hanywi. Alitaka jambo moja tu: kuanua matanga ya mumewe, kile ambacho Kirundi chetu hukiita kuganduka. Ukoo ukae, pombe imiminwe, jina litajwe, huzuni ivuliwe kama nguo. "Asiyegandukwa hana mlango," alikuwa akisema. "Hata akifika kwao, hawezi kuingia." Wazee wa ukoo walikataa. Hakuna mwili, hakuna picha, hakuna shahidi. Tutamganduka nani, upepo?

Mwaka huo wa 2012 alianza kukonda. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa anaisha tu, kama sabuni.

Wiki ile niliyotoka Gitega nilikwenda kumwona. Nilikuwa nikipanga picha kwenye kompyuta, mezani, mchana. Alipita nyuma yangu na sinia la maharage. Akasimama. Nilisikia maharage yakitulia kwenye sinia.

"Huyo ni nani?"

Mama aliinama hadi pumzi yake ikanigusa shavu. Akatazama muda mrefu.

"Vumilia," akaniita, jina langu kamili. "Ni yeye?"

Mtu aniulize leo kwa nini nilijibu nilivyojibu. Mimi ninayewakatiza wachungaji wanapotia chumvi. Mimi niliyemwambia shangazi yangu mbele ya watu kwamba hirizi yake ni kipande cha tairi. Nilitazama mifupa ya mabega ya mama, nikatazama yule mtu mwenye mikono magotini. Magoti yalikuwa magoti. Nikafikiri: kuna ubaya gani?

"Ndiyo, Mama. Huyu ni wetu."

Kamera ilikuwa mezani, imezimwa. Hakuna kilichotokea. Nakumbuka hilo vizuri, kwamba hakuna kilichotokea.

Julai tukaganduka. Picha ilikatwa akabaki yeye peke yake, ikatiwa fremu mjini Muyinga. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi; niliwaambia wazee habari za Zuberi, na zilikuwa za kweli zote isipokuwa mwisho wake. Watu walijaa uani. Pombe ya ndizi, pombe ya mtama, mirija ikipokezanwa. Mzee wa ukoo alisimama akaita, "Kastori, rudi kwako, huzuni imekwisha," na watu zaidi ya mia wakarudia jina hilo kwa pamoja. Mama alikunywa. Usiku huo alilala kitandani.

Siku ya nne Zuberi akanipigia simu.

"Dada, kamyo imekuwa nyepesi," alisema. "Na kile kiti kimekauka. Miaka kumi na kitu, leo kimekauka. Ulimupeleka wapi?"

Nikakata simu. Nikajiambia mtandao ni mbaya.

Mama alinenepa. Alicheka. Alinunua kitenge. Alilala upande mmoja wa kitanda, ule wa nje, na asubuhi alitandika pande zote mbili. Sikuuliza. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake mwenyewe muda mrefu: unajua mguu upo, husikii kitu.

Agosti nilikuwa nyumbani naandika ripoti. Saa sita mchana. Mama alikuwa shambani. Nilimwona kwa macho yangu, mbali, kati ya mihogo. Nyumba ilikuwa kimya.

Chumbani kwake mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha adabu, cha mgeni anayejulisha kwamba yupo.

Niliinuka. Nikasukuma pazia. Hapakuwa na mtu. Kitanda kimetandikwa. Upande wa ukutani, godoro lilikuwa limebonyea. Nilitazama. Likapanda. Polepole. Kama linavyopanda mtu anapoinuka kumpisha mwingine akae.

Palinuka moshi wa moto uliomwagiwa maji.

Nilirudi mezani. Nikamalizia sentensi niliyokuwa naandika. Ilihusu urefu wa mipira.

Mwezi wa tisa alikuja Efrazia, mwanamke wa Gasorwe, jirani yetu wa tangu kabla ya vita hadi Lukole. Alikuwa amesikia tumeganduka, akaona aibu kuja mikono mitupu. Mama alikuwa kisimani. Efrazia akafungua Biblia yake, akatoa picha iliyogeuka manjano.

"Ubatizo wa mwanangu, mwaka tisini na moja," alisema. "Nilikuwa nimeisahau ndani ya Zaburi. Tazama, mume wa Letisia huyu hapa, anacheka kama alivyokuwa."

Mtu mfupi. Amecheka hadi macho yamefumba. Masikio yamesimama wima, makubwa, kama mabawa ya kuku anayetaka kuruka ua. Nikayagusa yangu. Sikuwahi kujua nimeyatoa wapi.

Hakuwa mtu wa kwenye fremu. Hakukaribia hata kufanana.

Efrazia alipoondoka nilimngoja mama mlangoni. Alitua ndoo, nikampa picha. Hakushtuka. Aliipangusa kwa kidole gumba.

"Kastori wangu," alisema. "Na masikio yake ya kubebea kikombe."

"Mama. Yule mwingine siye."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya maharage."

Nilikaa chini. "Kwa nini hukusema?"

"Uliniambia ni yeye. Msomi mzima, husemi uongo hata wa salamu. Nikasema labda miaka imemla sura. Halafu nikajua sivyo, lakini nilikuwa nimechoka, Vumi. Nilitaka kulala." Akanitazama bila hasira. "Na wewe ulijua?"

"Sikujua. Nilikubali tu."

"Basi."

"Mtoe," nikanong'ona. "Mwambie aondoke."

"Nimtoe vipi?" Na yeye akashusha sauti, jicho likienda kwenye pazia. "Amemwagiwa pombe. Ametajwa. Watu zaidi ya mia walimwita Kastori. Nikimwita kwa jina hilo, anaitika."

"Anaitika vipi?"

Akasogeza ndoo mbali na mlango.

"Tuite ukoo tena. Tuseme tulikosea."

"Mtu hagandukwi mara mbili. Wazee wataniuliza nimelala na nani tangu Julai." Alichukua picha akaitia kifuani. "Si mtu mbaya. Anapisha. Shida si yeye."

"Shida ni nini?"

"Jina liliitwa kwa sauti kubwa, mwanangu. Unadhani lilisikiwa na mmoja?"

Ndani, nyuma ya pazia, kitanda kililia kidogo.

Sikulala kwa mama tena wiki hiyo, ila kazi nyingine ya Muyinga ilinirudisha mwezi wa kumi, mvua zilipoanza na majani ya uani yakaota. Nilitoka asubuhi kupiga mswaki. Umande ulikuwa umelala kila mahali, mweupe, hadi kwenye ua wa miti ya miyenzi. Isipokuwa sehemu moja. Hatua tisa kutoka mlangoni palikuwa na duara la majani makavu, yaliyolala chini, ukubwa wa mtu mfupi aliyekaa akiwa amekunja miguu. Mbele yake vijishimo viwili vya visigino. Vilielekea mlangoni.

Niliyainua majani kwa mkono. Nikayachambua yasimame. Asubuhi iliyofuata yalikuwa yamelala.

Nilipima kwa futi ya kazini, siku tano mfululizo. Hapasogei mbele. Hapasogei nyuma. Mvua ikinyesha usiku kucha, panabaki pakavu.

Mama hupita hapo kila alfajiri akienda kisimani. Hajawahi kupakanyaga. Akifika, hupunguza mwendo, huhamishia ndoo mkono wa pili, na kuzunguka.