Mwanangu Alinisimanga kwa Figo

Teke la kwanza lilimpata mkwe wangu tumboni. La pili alilikinga kwa mkono... kidole kikalia kaa!

Na anayepiga ni mwanangu wa kumzaa!

Wajukuu zangu mnaonisoma, mimi nilikuwa pale pale kwenye cherehani. Ndiyo kwanza nimerudia kushona tangu niwekewe figo nyingine.

"Muache mwenzio, baba!"

"Nyamaza, Mama! Unakojoa kwa figo yangu halafu unanipangia?"

Kila siku wimbo huo. Alinitolea figo, basi mdomo wangu akautia kufuli. Ningemwambia nini aliyenipa uhai?

"Leo kakosa nini?"

"Eti anataka kwenda kwao!"

"Nimechoka, Mama," mkwe akalia, damu inamtoka puani. "Bora nikafie kwetu."

Mwanangu akamkamata nywele, akambamiza ukutani. Puu! Akaokota kigoda...

"Ubavuni hapana, mume wangu! Nakuomba! Nimebaki na moja!"

Moja? Moja nini?

Sikungoja jibu. Pasi yangu ilikuwa ya moto, nikaibandika kwenye mkono ulioshika nywele. Chwiii!

Akaachia, akanijia mimi. Nikamkwida shati, vifungo vikaruka...

Ubavu wake mzima laini, bila kovu, kama kitambaa kisichowahi kuguswa na sindano!

Nikamfunua mkwe blauzi. Mshono huo, kutoka ubavuni unaelekea kitovuni!

Nikamgeukia mwanangu.

"Nilipolazwa, si uliniambia mkeo kaenda kwao kuuguza?"

Akavuta shati kufunika ubavu.

"Alisema mke hawezi kumzidi yeye wema kwa mama yake," mkwe akajibu. "Akaapa nikikwambia, ataipasua na hii iliyobaki."

"Mama, mimi ndiye mwanao!"

"Wewe nilikuzaa. Huyu kanizaa mimi. Toka!"

Akainua kigoda anipige. Mkwe, na damu zake zile, akajitupa mbele yangu!

Kigoda kilimvunja bega. Majirani wakavunja mlango, wakambeba mwanangu msobemsobe mpaka polisi.

Watu wananiuliza, "Bibi, kweli umemfungisha mtoto wako?"

Ndiyo! Na mahakamani nilisema yote, sikumumunya neno.

Wajukuu zangu, mtu akikusimanga kila siku kwa wema wake, uliza kwanza kama wema huo ni wake. Aliyeutenda huenda yuko humo humo ndani... anapigwa, na wewe unaangalia.