Wako Huyo

Dobi wa hospitali alikuwa amezunguka maduka ya viatu tangu atoke kazini, na miguu ilimwaka moto. Binti yake wa pekee, Kidoti, alikuwa amegoma kuvaa ngozi. Alimwona ng'ombe akitokwa machozi anapandishwa lorini, basi, ikawa siku ya nne anaenda shule pekupeku. Mwalimu naye kasema kesho asikanyage darasani bila viatu.

Jua linazama, akaona kibao kwenye uchochoro nyuma ya benki: VIATU NA NGUO. HAKUNA MNYAMA ALIYEUMIZWA.

Ndani palinukia utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Fundi, mwanamke wa makamo, alisimama mbele yake akitabasamu. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inakwenda.

"Hatutumii ngozi, sufu, wala gundi ya kwato," fundi alinong'ona. "Wanyama hatuwagusi, dada."

Kila kitu kilikuwa na lebo, KWA HIARI YA, na chini yake neno lililoandikwa kwa mkono. Koti: *mume*. Mkoba: *dada mkubwa*. Dobi akadhani ndiyo mambo ya siku hizi, kuwashukuru waliochangia. Akachagua viatu vyeupe, laini… vya uvuguvugu kidogo.

"Hivi mbona lebo yake haijaandikwa?"

"Bado. Nionyeshe mtoto, nikadirie mguu."

Akampa simu yenye picha. Fundi hakuangalia miguu hata kidogo.

"Mtoto mzuri… Na hiki kidoti chini ya jicho!"

Dobi akacheka. Akajibu kama tunavyojibu sote mtu akitusifia mtoto, bila kufikiri, kwa adabu tu.

"Wako huyo."

Cherehani ikanyamaza.

"Asante," fundi alisema, na hakudai hata senti.

Nyumbani, Kidoti alivivaa palepale mlangoni. Vikamkaa barabara. Akatembea sebule nzima, na hatua zake hazikusikika.

"Havikubani, Kidoti?"

Mtoto akageuka. Chini ya jicho hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, shangazi. Mama bado hajaja kunichukua?"

Dobi alipiga magoti akavivuta vile viatu kwa nguvu zote. Mtoto akapiga ukelele wa mtu anayechunwa. Akaacha, na ndipo alipoiona lebo.

KWA HIARI YA *mama mzazi.*

Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Alirudi uchochoroni mbio, bila kanga, bila kufunga mlango. Akakuta ukuta mtupu. Akaupiga kwa ngumi hadi vidole vikachubuka.

"Yalikuwa maneno tu! Jamani, si maneno tu yale!"

Ndani ya ukuta, cherehani ilikuwa inakwenda.

Akarudi kwake amechoka hana hali. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, amechana nywele, mkoba wa shule mapajani. Alimkaribisha Dobi kwa heshima zote, kama mgeni. Dobi akafunga komeo, akaegemea mlango kwa mgongo, akalia.

Harufu ya utosi ilipita chini ya mlango kwanza.

Halafu ile sauti ya fundi ya kunong'ona, taratibu…

"Mwanangu?"

Dobi alifungua mdomo aseme mtoto huyu ana mama yake. Mtoto akamtangulia, akaruka kutoka kitini, uso umechangamka.

"Abee, mama!"

Na komeo likaanza kusogea lenyewe.