Jina Refu Kwenye Orodha ya Nesi

Kila Jumatano baada ya vipindi, Kasuku alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Wiki hiyo alikuwa na kazi ya maana: programu ya kuchapisha orodha ya wanafunzi wanaomeza dawa shuleni. Safu ya kwanza jina, ya pili vidonge vya asubuhi, ya tatu vya mchana.

"Kila jina litengee nafasi za herufi arobaini," mwalimu wa kompyuta alimweleza. "Likiwa fupi, programu ijaze pengo yenyewe. Kisha uijaribu kwa jina refu sana."

Kasuku aliona huo ni usumbufu mtupu. Aliweka alama moja tu ya kuruka baada ya kila jina, ile inayosukuma maandishi hadi safu inayofuata, akatazama kioo cha kompyuta. Namba zote zilisimama wima chini ya vichwa vyake.

"Umejaribu jina refu?" mwalimu aliuliza.

"Nimejaribu, mwalimu," alijibu bila kupepesa macho.

Jumatatu asubuhi alipita kwa nesi wa shule kuona kazi yake ikitumika. Nesi alikuwa ameongeza kwenye orodha mwanafunzi mgeni, msichana mpole mwenye kifafa na majina matatu marefu ajabu.

"Kidonge chako ni cha mchana, mwanangu," nesi alimwambia akitazama karatasi. "Nenda darasani."

"Lakini mama hunipa asubuhi..."

"Hapa pameandikwa mchana."

Kasuku alichungulia karatasi. Jina lile lilikuwa limevuka mpaka wake, na namba ya asubuhi ikarukia safu ya mchana. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Msichana alikwisha fika mlangoni.

"Subiri!" alipaza sauti. "Nesi, orodha imekosea. Mimi ndiye niliyekosea, na mwalimu nilimdanganya."

Nesi alitafuta barua ya mzazi, akaisoma, kisha akampa msichana kidonge na maji.

Wakati wa mapumziko Kasuku alimweleza mwalimu ukweli, akairudia kazi yote, safari hii kwa nafasi arobaini. Mwalimu hakumgombeza.

"Kukosea ni kawaida yetu," alisema. "Ila uliponiambia umejaribu, niliacha kukagua, na nesi akaiamini karatasi. Uongo wako ulituziba macho sote."

Kasuku aliandika jina refu kuliko yote, akalitazama likikaa mahali pake.

"Nimejaribu, mwalimu," alisema, akasogeza kiti. "Tafadhali, kagua na wewe."