Deraya ya Kiuno Chembamba

Foleni ya duka la kopi ilikuwa imefika mlangoni, na aliyeikwamisha alikuwa mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya buluu na alama za grisi mpaka kwenye viwiko. Printa ilimtapikia karatasi nene moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na vipande vya ajabu: pembetatu, vimasikio, mistari ya nukta nukta na namba kila ukingo. Nyuma yake alisimama mwanamke wa umbo lililojaa, gauni la manjano limemkaa sawasawa, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu ya cherehani yake. Alikuwa na picha moja tu ya kutoa kopi, na uvumilivu ulikuwa umeshamwishia.

"Kaka, samahani. Unachapisha nyumba?"

"Deraya, dada yangu."

"Nini?"

"Vazi la vita, lakini la karatasi. Unakata, unakunja, unagundisha, unavaa."

Fundi akamtazama kuanzia buti hadi utosini. "Na adui akija na ndoo ya maji?"

Foleni ikaangua kicheko. Yule mwanamume naye akacheka, tena kuwashinda wote, na Fundi akajikuta amependezwa naye bila kujipa ruhusa.

Mama wa duka akashusha miwani puani. "Hivi vipande vyako vinapita ukingo wa karatasi. Nipunguze vienee?"

"Sijui, mama. Mimi ndiyo kwanza naanza..."

"Punguza, mama, punguza!" Fundi akadakia. "Punguza tuondoke, nimeacha mteja dukani amevaa gauni lenye mkono mmoja!"

Mama akabonyeza, printa ikaendelea kutapika. Yule mwanamume akageuka akitabasamu. "Kwa hiyo wewe ni fundi wa nguo. Nitahitaji mtu wa kunishonea mikanda ya kufungia hii deraya. Naomba namba yako."

"Ya kazi?"

"Ya kazi."

"Mbona unatabasamu hivyo?"

"Naipenda kazi."

Jioni ile ile simu ikalia, wakazungumza mpaka chai ya Fundi ikapoa kikombeni. Yule mwanamume alikuwa fundi wa lifti. Mwaka uliopita aliitwa kwenye ukumbi mmoja mkubwa uliokuwa na onyesho la mavazi ya kujitengenezea. Lifti ilikuwa imekwama na mashujaa watano waliobanana mabega, pamoja na joka moja lililokuwa likilia. Alipowafungua akaigusa deraya ya wa kwanza, akagundua ni karatasi. Tangu hapo hakuwa na amani. Aliapa kwamba onyesho la mwaka huu lazima aingie kwa mlango wa mbele akiwa amevaa yake, ingawa maishani mwake hakuwahi kukunja hata kishada.

"Basi nitakuita Karatasi," Fundi akasema.

"Na mimi nitakuita Fundi wangu."

"Wako tangu lini?"

"Tangu uliponipigia kelele kwenye foleni, mrembo."

Chumba cha Karatasi kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo, kwa aibu yake, halikuwa na lifti. Vipande vilivyogundishwa vilining'inia kwenye kamba ya nguo, vimebanwa kwa vibanio, na feni ilivikausha. Jumapili Fundi alipanda ngazi akihema, akaketi sakafuni, akamsaidia kupitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mistari ili karatasi ikubali kukunjika. Mstari wa nukta hukunjwa kwenda ndani, wa vijistari hukunjwa kwenda nje. Karatasi hakulijua hilo mpaka alipomaliza glavu mbili, akajikuta amekunja moja kinyumenyume na zote mbili ni za mkono wa kushoto.

"Utapeana vipi mkono na mfalme?" Fundi akauliza, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Nitamkumbatia. Hebu shika hapa, mpenzi, gundi ishike."

Gundi ya karatasi nene haitaki haraka. Unabana kiungo kwa vidole, unatulia, na mwenzako anabana upande wa pili. Mapenzi yao yalikua humo humo, vidole juu ya vidole, hakuna anayeweza kuondoka.

Siku moja wakiwa wamebana bega la deraya namna hiyo, Fundi alimweleza habari za mchumba wake wa zamani. Alikuwa amemtaka apungue kabla ya harusi ili picha zitoke vizuri. Fundi alijinyima mpaka akawa anaona giza kwenye cherehani, na bwana yule akaishia kumwoa mwingine aliyekwisha kuwa mwembamba. Tangu hapo Fundi alitaka jambo moja tu kwa mwanamume, apendwe na mwili wake huu huu, bila kuambiwa apunguze hata kidogo. Na alikuwa ameanza kuogopa kwamba mtu wa namna hiyo hajazaliwa.

"Mimi nakupenda hivyo hivyo ulivyo," Karatasi akasema. "Mzima mzima. Sibakizi."

Fundi aliinama asionwe uso. Alitaka sana kuamini.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo. Karatasi, ambaye alizoea kuramba sahani, akaanza kusukuma chakula cha Fundi pembeni.

"Nimeshiba, kipenzi."

"Umeshiba vijiko viwili?"

"Tumbo tu."

Mara ananusa chungu na kumeza mate, mara anakimbilia kazini. Nyumbani nako, binamu yake Fundi, msusi aliyekuwa akiishi naye, mwenye kiuno cha nyigu, akawa anapokea simu na kutoka nazo kwenye veranda. "Usimwambie lakini!" Fundi alimsikia akicheka. Akasogea dirishani, binamu akakata simu na kujifanya anatazama mawingu.

Fundi alijikaza kisabuni mpaka Jumapili. Alipopanda zile ngazi, Karatasi alikuwa akitoka mbio, mtu amekwama kwenye lifti ya benki. "Ingia upumzike, mpenzi, narudi sasa hivi!" Nyuma ya mlango kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa shuka. Fundi alijizuia kwa muda wa kuvua viatu, kisha akaivuta ile shuka.

Ilikuwa deraya ya kike. Kifua kimekunjwa kwa ustadi, pembe kwa pembe, mabega mazuri, rangi ya fedha iliyopakwa kwa mkono uliotulia. Halafu kiuno. Fundi hakuhitaji futi, alipima kwa shubiri. Akaiweka kifuani pake, ubavuni ikapungua upana wa kiganja kizima. Kiuno hicho alikijua, alikuwa akikishonea sketi kila mwezi.

Alifika nyumbani bila kujua amepita njia ipi. Binamu alikuwa anachana nywele bandia mezani.

"Simama."

"Eh, dada! Kuna nini?"

"Simama nikutazame kiuno. Ile deraya ya Karatasi ni yako?"

Binamu akaachia kitana. "Umeiona? Jamani! Yangu kwa lipi? Ni yako, dada! Alitaka kukushangaza muingie nyote wawili ukumbini. Mimi nilimpa vipimo tu, nimepima lile gauni lako la manjano, kifua, kiuno, nyonga, vyote."

"Vipimo vya kweli?"

"Vya kweli kabisa."

Fundi akakaa. Angeweza kufurahi kwamba hakuibiwa bwana, lakini lililomjia lilimuuma zaidi. Vipimo vya kweli alipewa, na yeye akavipunguza. Amemtengenezea mwanamke anayemtaka, sasa anangoja Fundi akonde aingie humo. Ni yule mchumba wa kwanza tena, safari hii na gundi.

Simu ikalia, akaipokea akiwa amesimama.

"Mpenzi, umeondoka mbona?"

"Nimeijaribu deraya yako."

"Aah, umeharibu siri! Umeipenda?"

"Hainiingii."

Karatasi, ambaye Mungu alimpa moyo mzuri na ulimi usiojua pa kusimama, akasema kwa upole kabisa: "Usijali, laazizi. Hata mimi yangu ilikuwa hainiingii. Nikaacha kula usiku, nikaanza kukimbia asubuhi, na sasa inaanza kukubali."

"Unasemaje?"

"Nasema ukikimbia na mimi..."

"Kimbia na roho yako!" Fundi akakata simu, akaizima, akaitia kwenye kopo la vifungo. Kisha akalia, na hakujali binamu anamwona.

Alizima simu wiki nzima. Binamu alijaribu kumtetea yule bwana akaambiwa asuke nywele, mambo ya watu ayaache. Ikafika Jumamosi, siku moja kabla ya onyesho. Duka la Fundi lilikuwa limejaa wanawake wanaosubiri nguo zao, mara kicheko kikasikika kutoka mwisho wa mtaa, kikazidi kusogea.

Karatasi aliingia ubavuubavu. Alikuwa ndani ya deraya yake ya fedha, mikono imekaa mbali na mwili kama shati lililoanikwa na hanga yake, kofia ya vita imemkwamia katikati ya paji la uso, jasho linamchuruzika.

"Fundi wangu," akasema kwa sauti nyembamba, "nimekuja kuomba msamaha. Lakini naomba pumzi kwanza."

"Ivue."

"Haivuki. Nimekimbia wiki tatu ili iniingie. Leo nikailazimisha, ikaingia, na sasa haitoki. Nimeshuka ngazi kwa mgongo."

Wateja waliumwa mbavu kwa kucheka. Fundi alichukua mkasi mkubwa bila hata kutabasamu, akapitisha vidole begani mwake kutafuta pa kuanzia. Vidole vikakwama. Akajaribu shingoni navyo vikakwama, akajaribu kwapani. Akaweka mkasi mezani na kuvuta futi.

"Bega hili ulilipima?"

"Nililipima mara mbili."

"Mtu hanenepi mfupa wa bega." Akapima mgongo wake, akapima deraya, akapima kofia na kichwa. Kila mahali palipungua, na kwa kiasi kile kile. Yeye aliyekata nguo miaka yote hiyo alijua kwamba mwili haubadiliki namna hiyo, vipande ndivyo vilivyochapwa vidogo. "Nani alikuchapishia hii?"

"Yule mama wa kopi. Unakumbuka, siku tuliyokutana."

"Na yangu?"

"Yeye yeye. Akaniuliza, nifanye kama siku ile? Nikamwambia ndiyo, kama siku ile."

Mkono wa Fundi ukabaki hewani na futi. Aliiona ile foleni, akaisikia sauti yake mwenyewe ikipasua duka: punguza, mama, punguza! Taratibu akaketi kwenye gunia la vitambaa.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyesema apunguze."

Karatasi akajaribu kugeuza shingo, akashindwa, akageuka mwili mzima. "Kwa hiyo mimi sikunenepa?"

"Hukunenepa, mjinga wangu."

"Wiki mbili nanusa chungu chako naondoka! Nililala njaa nikiota mchuzi!"

"Na mimi wiki nzima nakulaani!"

Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akasimama, akamkata ubavuni kwa mkasi kuanzia nyonga hadi kwapa. Karatasi alitoka humo ndani akiwa na shati lililolowa, akavuta pumzi ya kwanza ya maana tangu asubuhi, na kofia ikavuka kwa kupakwa mafuta ya cherehani.

Halafu akaacha mzaha. "Nisikilize. Nilipomaliza yako niliitazama nikaona kama ni ndogo. Nikasema mimi mwanafunzi, sijui kutazama, karatasi haiwezi kukosea. Ningekuuliza siku ile ile, usingelia hata tone. Naomba unisamehe. Mimi sitaki upungue. Ukipungua nitakuwa nimeibiwa."

Fundi aliyatazama macho yake mekundu, na ile hofu aliyoibeba tangu kwa yule wa kwanza ikaanza kulegea. Akaitoa futi mikononi mwake, akampa.

"Pima."

"Sasa hivi? Onyesho ni kesho, haitawahi."

"Kuna la mwaka kesho. Pima, na usome kwa sauti."

Karatasi alipima kifua, akasoma. Alipofika kiunoni akasoma kwa kunong'ona, kwa kumstahi.

"Sauti," Fundi akasema, mikono juu. "Wasikie."

Akaisoma namba ile mpaka ikasikika nje, mbele ya wateja na wapita njia. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi akainua kichwa. "Kumbe tunalingana," akasema, akaendelea kula karanga zake. Nyonga nazo zikasomwa. Fundi alijikuta amesimama wima kuliko alivyosimama kwa miaka.

Lakini Karatasi hakuirudisha futi. Alipiga goti pale sakafuni penye nyuzi na vipande vya deraya, akaushika mkono wa kushoto wa Fundi, akazungusha futi kwenye kidole kimoja.

"Kipimo hicho cha nini?" Fundi akauliza. "Deraya haina pete."

"Deraya haina. Ila mke wangu ningependa awe nayo."

Binamu, aliyekuwa amefika mlangoni na kitana mkononi, akaziba mdomo. Fundi alitazama kile kidole, akamtazama mtu aliyekishika.

"Soma," akasema.

Akasoma, na safari hii sauti ilimkatika katikati ya namba.

"Basi nenda kaitafute ya namba hiyo hiyo, usiipunguze," Fundi akasema. "Nimekubali. Na isiwe ya karatasi, tafadhali, maana mimi nafua kila siku."