Kimashine cha Kuamsha Pikapu ya Osoro

Mimi Bitutu kinywa changu hakina mlango, Birongo nzima inajua. Ukitaka kujua mzee gani wa kanisa ananusa chupa, njoo kwangu. Lakini hili la pikapu ya mwanangu Osoro sijawahi kulisema. Leo nalisema lote, mnicheke mkitaka.

Ilikuwa Ijumaa, jua linazama, Sabato inaingia. Pale Keroka Wasabato wenzangu walikuwa wanashusha milango ya maduka, na mimi ndiyo kwanza natafuta kimashine cha kuamsha gari lililokufa betri. Duka lililobaki wazi lilikuwa la Osewe, mtu wa ziwani, Mkatoliki.

"Mama, na Sabato?" akanitania. "Mbinguni utaingilia dirishani?"

"Nikitosha. Nipe cha kujampu gari. Upesi."

Akaweka viwili kwenye kaunta. Kimoja kidogo kama simu, kingine kizito kama tofali. Nikakamata kile kidogo. Kingefichika kwenye leso.

"Gari la petroli au dizeli?"

"Dizeli. Pikapu ya kubeba majani chai."

"Basi hicho kitakuaibisha. Dizeli haiamki kwa kubembelezwa. Na betri inakoroma, au imelala kabisa?"

"Imelala kabisa. Kama mwenyewe."

Hakutania tena. Alijua tulimzika Osoro wiki sita zilizopita. Akanisogezea kile kizito, akanionyesha taa zake nne. Zote zikiwaka, kimeshiba. Kibanio chekundu kwenye alama ya kujumlisha, cheusi kwenye chuma. Halafu kitufe kimoja pembeni.

"Betri ikifa kabisa, kimashine hakiioni. Bonyeza hapa, ukilazimishe. Lakini Mama... hiyo betri ilikufaje?"

"Sijui."

Nilijua.

Tangu mazishi, kila jioni nilikuwa naingia kwenye pikapu hiyo, nageuza ufunguo kidogo, nasikiliza redio. Stesheni yake ilikuwa palepale alipoiacha. Kiti kilinuka jasho lake na majani mabichi ya chai. Nililia humo hadi giza. Jioni moja ya wiki ya tatu redio ikafifia... ikanyamaza.

Kesho yake Valarie, mjane wake, akataka kwenda kwao Homa Bay na mtoto. Dereva tuliyemwita akageuza ufunguo. Kimya. Na kwetu, gari likigoma kando ya kaburi, fundi haitwi kwanza. Tunauliza marehemu ana neno na nani. Wanawake wakanitazama mimi, mama mtu. Ningesema, "Ni redio." Lakini nilimwona mjukuu wangu Sharon amefungashiwa viatu vyake, nikasema:

"Osoro amekataa. Ana neno na mkewe."

Nilitaka mtoto abaki. Hilo tu.

Neno likatembea. Kisimani likawa "alimlisha kitu." Kwenye kituo cha majani chai likawa "mchawi." Hiyo Ijumaa mchana jirani yangu Ruth akaninong'oneza mgombani: "Ratemo na vijana wa kijiji wana petroli. Wanakuja leo, watu wakitoka ibada ya jioni."

Mnajua kwetu petroli hiyo ni ya nini.

Bodaboda zote zikakataa kumbeba Valarie. Kaka yake, Owiti, alikuwa amekuja kumchukua, lakini angemwachaje peke yake? Pikapu ilikuwa imekaa bondeni kando ya kaburi, haisukumiki. Mimi bodaboda walinibeba. Nani anamshuku kikongwe?

Nilirudi giza limeshaingia. Owiti alikuwa amefungua boneti. Nyuma wamepakia godoro na sufuria. Hatukuwasha taa.

Chekundu. Cheusi. Taa nne zikawaka.

Owiti akabonyeza kitufe, akaingia, akageuza ufunguo.

Kimya.

Akageuza tena. Hata mlio wa tik hakuna.

"Kimashine kizima, Mama," akanong'ona. "Nguvu inaingia. Sasa hii ni nini?"

Kutoka barabara ya juu tukasikia mluzi. Mwingine ukaujibu kutoka mtoni.

Valarie alisimama mlangoni, mtoto mgongoni. "Basi ni kweli," akasema polepole. "Amenikataa. Mama, nilimkosea nini?"

Uongo wangu ulikuwa umesimama mbele yangu, una mwili.

Nikaenda upande wa kulia wa nyumba, pale wanaume wetu wanapolazwa. Nikapiga magoti juu ya udongo.

"Osoro... hukukataa wewe. Ni mimi. Betri niliiua mimi, kwa redio yako. Nikakusingizia. Mkeo hana kosa. Wanakuja kumchoma, mwanangu... kwa mdomo wa mama yako."

Udongo ulikuwa baridi. Halafu haukuwa baridi. Ikapanda harufu... si ya kaburi. Dizeli. Jasho. Majani mabichi ya chai.

Injini ikanguruma.

Nikageuka. Owiti alikuwa mbele ya boneti, mikono yote miwili kwenye vibanio. Valarie bado mlangoni.

Kwenye usukani hapakuwa na mtu.

Owiti akachomoa vibanio, akafunga boneti, akarukia ndani. Valarie akanipita na mtoto, akasimama. Alikuwa amesikia kila neno.

"Ulijua, Mama? Wiki zote hizi?"

"Nilijua."

"Nilikuwa nakupikia."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikanyoosha mkono nimshike Sharon mguu, yeye akamgeuza mtoto upande wa pili, akapanda.

Mtoto akachungulia dirishani, akatazama nyuma ya pikapu, akacheka.

"Mama, Baba anakalia godoro letu!"

Pikapu ikapanda mlima kwa njia ya mashambani, bila taa. Mwezi ulikuwa umetoka kidogo. Nikaona. Katikati ya godoro na sufuria, mtu amekaa, mabega yake nayajua, niliyabeba mimi mgongoni kabla hayajawa mapana. Amenipa kisogo.

"Osoro!"

Hakugeuka.

Ratemo na wenzake walinikuta palepale, magoti kwenye udongo. Dumu lilikuwa mkononi mwake.

"Yuko wapi yule mwanamke, Mama?"

"Amekwenda na mumewe."

Wakatazama alama za magurudumu. Wakatazama kaburi. Mmoja akaanza kurudi nyuma, halafu wote. Sasa wakinikuta njiani wanavuka upande wa pili. Ruth naye kunisalimia kumekuwa kwa mbali.

Owiti alinipigia simu mara moja tu. Walifika salama. Akasema pikapu haijazimika vizuri tangu siku hiyo. Ukichomoa ufunguo jioni, alfajiri unaikuta ina joto. Nikamwomba nisikie sauti ya Sharon. Nikasikia Valarie akisema, "Hapana," kisha simu ikakatika.

Magugu yameota juu ya kaburi. Wazee wa ukoo wananigombeza, eti mama gani huyu asiyepalilia kwa mwanawe. Nachukua jembe, nafika pale, nasimama. Natega sikio, nanusa. Ni udongo tu.

Nimpalilie nani?