Kidonda Kisichouma

Kila asubuhi Mbombo, msichana wa miaka kumi na miwili, alipanga foleni ya maji kwenye bomba la stesheni ya Kolwezi, kisha akarudi kuwasha moto mbele ya turubai lao. Ulikuwa mwaka 1993. Familia zenye asili ya mkoa wa Kasai zilikuwa zimefukuzwa majumbani mwao na wenyeji waliowaita wageni, na watu wengi walilala kando ya reli wakingoja treni ya kuwapeleka huko Kasai, nchi ambayo watoto hawakuwahi kuiona. Baba yake, Tshiamala, ambaye watoto walimwita Tata, alikuwa fundi mgodini kwa miaka ishirini. Sasa alishinda juu ya godoro lililokunjwa, akitazama reli tupu.

Jumamosi moja ng'ombe alikutwa amekufa majanini nyuma ya stesheni. Damu nyeusi ilimtoka puani, wala haikuganda. Nani angejali? Hawakuwa wameonja nyama tangu wafukuzwe. Tshiamala akamchuna pamoja na wenzake, na Blandine, mdogo wake Mbombo, akaibeba ngozi mabegani akicheka.

Jumatano Tshiamala alikuwa na kidonda mkononi. Kilianza kama kipele, kikawa lengelenge, kisha kikawa cheusi kama kaa.

"Hakiumi," alisema, akakifunika kwa mkono wa shati.

Siku hiyohiyo Mama Agnès, muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyekuwa amesikia habari za ng'ombe, alipita kwenye maturubai. "Mwanangu, mlikula nyama ya yule ng'ombe? Kuna mwenye kidonda hapa?"

Mbombo alimtazama mama yake, Tshilombo. Asubuhi ile mama alikuwa amemnong'oneza: "Unyamaze. Bakijua, batasema sisi ndio tunaleta magonjwa. Batatufukuza hata hapa."

"Hapana, Mama Agnès," Mbombo akajibu.

Ijumaa mkono wa Tshiamala ulivimba mpaka begani. Homa ilimpanda, akawa anawaita wenzake wa mgodini kana kwamba yuko kazini. Jumamosi asubuhi akakata roho, na treni ilikuwa bado haijafika.

Wanawake walipokuwa wakilia, Mbombo alimpangusa Blandine uso, akaona kipele shingoni. Safari hii hakumtazama mama. Alimshika mdogo wake mkono, wakakimbia mpaka zahanati.

"Nilikudanganya, Mama Agnès. Tulikula. Tata ndiye alichuna. Tata amekufa."

Muuguzi hakumgombeza. Alimdunga Blandine sindano ya penisilini, kisha akaenda stesheni kuwatibu wote waliogusa mzoga. Wanaume walichimba shimo refu, wakachoma mabaki pamoja na ngozi, wakayamwagia chokaa.

"Huu ni kimeta," Mama Agnès aliwaeleza. "Unaletwa na bakteria. Mzoga ukipasuliwa, bakteria wanapata hewa, wanajifunga ndani ya ganda gumu. Wanaweza kukaa udongoni miaka mingi, na moto wa chungu hauwaui wote. Wakiingia kwenye mkwaruzo wa ngozi, ganda linafunguka, wanazaana na kutoa sumu. Sumu inaua ngozi, ndiyo maana kidonda kinakuwa cheusi na hakiumi. Ikishaenea mwilini, dawa inashindwa. Mnyama akifa ghafla, msimguse. Mtuite."

Mbombo alimfuata mpaka njiani. "Ningesema Jumatano, Tata angepona?"

Mama Agnès aliweka mfuko wake wa dawa chini. "Huenda angepona," akasema. "Siwezi kukudanganya. Lakini Blandine yuko hai kwa sababu leo umesema."

Kidonda cha Blandine kilikauka. Siku kumi baadaye treni ilifika, mabehewa ya kubebea madini, yasiyo na paa. Walipanda watatu. Tshiamala walimwacha kwenye udongo wa Kolwezi.

Ndani ya behewa Tshilombo alimvuta Mbombo karibu.

"Si wewe," akasema. "Ni mi nilikufunga kinywa, kwa woga. Muganga akikuuliza, sema kweli, hata kama mi nimekukataza. Siri ya ugonjwa inaua."

Mbombo aliushika mkono wake. Behewa lilikuwa limeanza kusogea, na mama alikuwa amegeuza uso kuelekea makaburini.